Kura 21

Tarehe 9 Agosti 2022 niliamka saa tano asubuhi, nikapika chai ya rangi, nikarudi kulala. Sikupiga kura. Jina langu lilikuwa kwenye sajili ya shule moja ya msingi Mambrui, mimi mwenyewe nilikuwa Kisauni kwenye chumba cha kupanga, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa sawa na chakula changu cha siku nne. Chuo nilikuwa nimeshaacha. Pesa sikuwa nayo. Na hoja nilikuwa nayo, tena niliiona kali sana: kura moja kati ya maelfu haibadilishi kitu, kwa hiyo mtu mwenye akili hulinda nauli yake.

Kwenye ploti ile tulikuwa vijana sita wa eneo bunge la Magarini. Wawili wa Gongoni, mmoja wa Marafa, waliobaki wa Mambrui. Hakuna aliyekwenda. Jioni tulikaa nje na simu zetu, tukawacheka waliopanga foleni tangu alfajiri.

Kisha matokeo ya ubunge ya Magarini yakatoka. Harrison Kombe alimshinda Stanley Kenga kwa kura 21. Kila mmoja wao alipata karibu 12,000, na tofauti ilikuwa watu wa kujaza matatu moja na nusu. Sisi tulikuwa sita. Hatungetosha kugeuza matokeo, nakubali, lakini ploti zenye watu wa Magarini ziko ngapi Mombasa? Ziko ngapi Mtwapa, ngapi Nairobi? Hoja yangu kali ilikuwa imekaa vichwani mwa watu wengi kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu ilikuwa ya uongo.

Lakini hesabu haiishii hapo. Kesi ilienda Mahakama Kuu ya Malindi, na mwaka 2023 uchaguzi ule ukabatilishwa. Ikapanda Mahakama ya Rufaa, ikafika Mahakama ya Juu. Uchaguzi mdogo ulikuja kufanyika tarehe 27 Novemba 2025, zaidi ya miaka mitatu baada ya ule wa kwanza. Hata kama mahakama zingekimbia, nani angeusimamia? Kuanzia Januari 2023 mpaka Julai 2025 tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna. Watu wa Banissa kule Mandera walifiwa na mbunge wao Machi 2023, nao wakasubiri mpaka Novemba ile ile.

Rafiki yangu wa Marafa aliposikia uamuzi wa Malindi alifurahi ajabu. “Si nilikwambia? Waliopanga foleni wamefutwa. Sisi tuliolala hatujapoteza kitu.” Ilinichukua muda kupata jibu, na jibu lenyewe nililipata kwenye sheria, mahali ambapo sikutegemea.

Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema, kwa lugha yangu, kwamba kasoro peke yake hazitoshi kuufuta uchaguzi. Ukiwa umefuata misingi ya Katiba, na kasoro hazikugusa matokeo, unabaki. Sasa fikiria. Karani amechoka saa nane za usiku, amenakili tarakimu vibaya kwenye Fomu 35A, au kura halali imetupwa kwenye rundo la zilizoharibika. Mshindi akiwa ameongoza kwa kura 9,000, kosa hilo ni la karani tu. Akiongoza kwa 21, kosa hilo hilo linaweza kumng'oa mbunge. Mimi nilidhani kazi ya kura ni kuchagua mshindi basi. Kumbe kila kura pia ni uzito unaowekwa juu ya matokeo ili upepo wa makosa madogo usiyapeperushe. Sisi tuliolala ndio tuliowaacha waliopanga foleni na ushindi mwepesi vile.

Hapa nakwama kidogo. Je, haki ya mtu kuhesabiwa vizuri itegemee majirani zake wangapi wamejitokeza? Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, majaji wengi walikisoma kifungu hicho kwa “au”: misingi ikivunjwa vibaya, uchaguzi unaanguka hata kama hujaonyesha kwamba tarakimu zingebadilika. Nadhani walisoma sawa. Mwalimu hakubali jibu la hesabu ambalo njia yake imeibwa. Ila tukumbuke kilichofuata: marudio ya Oktoba 26 yalisusiwa na upinzani, na Pwani wengi tulibaki nyumbani. Mahakama inaweza kukurudishia karatasi ya kura. Kukutoa nyumbani haiwezi.

Aliyenisumbua kuliko majaji wote ni mzee mmoja wa Mayungu, mvuvi, Mpemba. Nilikwenda kumhoji kwa makala nyingine kabisa, ya samaki. Wapemba wameishi ufuo huu miaka mingi, wengine walifika kabla ya uhuru, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, lakini serikali ilikuja kuwatambua rasmi kama Wakenya mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo hakuna kitambulisho, kwa hiyo hakuna laini ya simu kwa jina lako, na kura ndiyo usiulize.

Nikamuuliza, “Babu, siku za uchaguzi ulikuwa ukifanya nini?”

“Naenda baharini. Nikirudi ufuo mtupu, samaki hawana mnunuzi.” Akacheka. Kisha akasema, “Ukikaa nyumba ya watu, mwanangu, wakiulizana leo tupike nini, wewe hunyamaza. Si kwamba huna njaa.”

Mimi nilikuwa nimeulizwa tupike nini, nikageuka ukutani nikalala.

Lakini mzee si malaika, naye hakutaka nimfanye malaika. Nikamuuliza, akija mtu na mia mbili kabla ya kura? “Nitazipokea. Kisha nitaingia mle ndani peke yangu.” Nikamwambia sheria inamkamata anayetoa na anayepokea. “Sheria iliyonisahau miaka yote hiyo,” akasema, “leo imenikumbuka haraka!”

Hilo sikubaliani naye, na nilimwambia, kwa adabu. Aliyelipwa ajibu wali hajaulizwa anataka kula nini. Tena zile mia mbili hazitoki mfukoni mwa mtu, zinarudishwa baadaye kwenye dawa ambazo hazipo zahanati. Hata akiingia mle ndani peke yake, aliyempa atakuwa na sababu ya kuamini kwamba watu wa ufuo ule huuzwa, na mwaka ujao atakuja na hesabu, si na sera. Mzee alinisikiliza, akaendelea kushona nyavu. Sijui kama nilimshinda. Mimi mwenye maneno mengi sikuwa nimewahi kutumia haki ambayo yeye aliisubiri maisha yake yote.

Novemba 27 nilipanda gari asubuhi kwenda Mambrui. Foleni ilikuwa fupi. Mashine ikasoma kidole, nikapewa karatasi, nikatia, nikapakwa wino. Kombe akashinda tena, safari hii kwa maelfu ya kura. Kwa hiyo siku ambayo kura yangu ilihitajika nililala, na siku ambayo haikuhitajika nikaipeleka kwa nauli ya kukopa. Bado nashindwa kuamua kama kosa la kwanza lilikuwa kubwa kwa sababu ya ile 21, au lingekuwa lile lile hata tofauti ingekuwa elfu kumi. Mzee wa Mayungu angesema lile lile. Nusu yangu inakubaliana naye.

Juzi niliandika kwenye grupu yetu ya WhatsApp, ile ya wale sita wa ploti: 2027 tunaenda wote? Wa Marafa akajibu dakika hiyo hiyo, “Nauli unalipa wewe?”

Nikikubali, je, nitakuwa nimemsaidia rafiki au nimemnunua mpiga kura? Sijamjibu.