Kimya cha Waumini

Upole ni tunda jema, na subira vilevile. Lakini kuna kitu kingine kinachovaa mavazi ya upole na kuketi kiti cha mbele kanisani, nacho ni kutojali. Ni vigumu kukitambua, kwa sababu hakitukani, hakiibi, na sadaka kinatoa.

Nitatoa mfano wa Kenya. Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kilikubali kwamba wagombea wateuliwe kwa mlolongo: wapiga kura wajipange hadharani nyuma ya wamtakaye, wahesabiwe. Wachungaji waliokutana mwaka huo chini ya Baraza la Makanisa walipinga. Hoja yao ilikuwa ndogo, karibu ya kujihurumia: mchungaji akionekana katika mstari wa mmoja, atawachungaje waliosimama katika mstari wa mwingine? Wapo watakaoicheka hoja hiyo. Mimi siicheki. Ujasiri wa mtu huanzia mara nyingi katika jambo dogo linalomgusa mwenyewe.

Mlolongo ukatumika mwaka 1988. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita, bila kura ya siri kupigwa. Mahali pengi watu walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu ameona kwa macho yake mawili, kisha anaambiwa hakuona. Jumapili anakwenda ibadani, anaimba, anaombea amani, anarudi nyumbani kula. Je, ni hofu? Kwa wengi ilikuwa hofu, nami sina neno juu yao. Hata Petro aliogopa, kisha akatoka nje akalia. Asiyejali halii. Yeye husema siasa ni mchezo mchafu, si kazi ya kanisa. Warumi sura ya 13 anaijua kwa moyo, ila Nathani aliyesimama mbele ya Mfalme Daudi amemsahau. (Hata maombi, nadhani, yaweza kuwa mahali pa kujificha.)

Miongoni mwa walionena alikuwa Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret. Agosti 1990 waziri wa kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Tarehe 14 askofu alikwenda, na alipokuwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori, akafa. Waziri alijiuzulu. Kama ilikuwa ajali tu au sivyo, watu wamebishana tangu siku hiyo, nami siingii humo. Kinachonisumbua ni zile siku kati ya onyo na safari. Onyo la namna ile hupewa mtu anayedhaniwa yuko peke yake. Hakuna waziri awezaye kuwaambia waumini wa nchi nzima kwamba hawatatoka Busia wakiwa hai. Lakini ili wasiweze kutishwa hivyo, ilikuwa lazima kwanza waonekane kuwa wako upande wake.

Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa katika katiba. Mwaka uliofuata watu walipiga kura ya siri katika uchaguzi wa vyama vingi. Waliokuwa wamenyamaza nao walikuwamo, kila mmoja na karatasi yake.