Jirani Tusiyemwona

Tunapopiga kambi kando ya mto katika misitu ya milima ya Uluguru, swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu kuhusu jirani hutufuata hadi huko. Maji tunayooshea masufuria huteremka vijijini, huingia Mto Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Mama anayechota ndoo yake huko chini hatumjui, wala yeye hatatujua. Hapo ndipo upendo wetu hupimwa: kwa mtu asiyeweza kutushukuru wala kutushtaki. Basi tuoshe vyombo mbali na ukingo, tuchimbe choo mbali na maji, tuondoke na taka zetu. Msamaria alimwona majeruhi njiani. Sisi twaitwa kumpenda hata tusiyemwona.