Mbuzi wa Chuo

Agosti moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la saiba ya intaneti hapa Ganze, nikingojea karatasi zangu, akaingia mzee na bintiye. Mzee alishika mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Binti alikuwa amepata C+ na kuitwa chuo kikuu kwa kozi aliyoiomba mwenyewe. Kilichobaki ni kujaza ombi la ufadhili na mkopo. Kijana wa saiba akawa anauliza, mzee anatoa. Kitambulisho cha baba kilikuwepo, ingawa sura ilikuwa imefutika. Cheti cha kuzaliwa, kipo. Kitambulisho cha mama? Mzee akasema mama alishafariki.

"Pole sana, mzee. Basi nipe cheti cha kifo."

Hakikuwepo. Mama alizikwa nyumbani, hanga la msiba likakaliwa, watu wakatawanyika, na hakuna aliyekumbuka kwenda kuandikisha kifo. Binti hakulia. Alishika ukingo wa meza kwa vidole viwili, akabaki analisoma lile swali kwenye skrini tena na tena.

Vidole vile bado naviona. Mtoto amevumilia viangazi vya Bamba, ametembea kwenda shule tumbo likiwa tupu, ameruka kiunzi kinachowaangusha wengi wa rika lake, halafu anazuiwa na karatasi ambayo ingepatikana miaka miwili nyuma kwa safari chache za kwenda kwa naibu wa chifu. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mlio kidato cha tatu, kuanzia Sokoke hadi Bamba, Jaribuni hadi Vitengeni. Jina la Ganze limesomwa miaka mingi kwenye orodha za majimbo maskini kabisa ya Kenya. Sikubali kwamba ni umaskini huo peke yake unaowazuia watoto wetu kufika chuoni. Wengi huzuiwa na kuchelewa kujua, na hilo tunaweza kulitibu kuanzia wiki hii.

Nyinyi ndio mliofanya KCPE ya mwisho, mwaka 2023. Nyinyi ndio mtakaoufunga mfumo wa 8-4-4 kwa KCSE ya 2027. Nyuma yenu wanakuja wadogo zenu wa gredi ya 10 na utaratibu wao mwingine. Matokeo hutoka Januari, maombi ya nafasi hufuata, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Hesabu mwenyewe: una zaidi ya miaka miwili mkononi. Muda huo ni mali, na mtoto wa Nairobi hana siku hata moja kukushinda.

Anza na masomo uliyochagua. Kidato cha tatu ndipo mnapoacha baadhi ya masomo, na wengi huacha kwa kufuata rafiki au kwa kumkimbia mwalimu. Anayeacha fizikia leo ameuaga uhandisi, hata akija kupata A kwenye historia. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja, na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini KUCCPS, shirika linalogawa nafasi, haliangalii wastani peke yake; kila kozi ina masomo yake manne yanayopimwa, na nyingine zina kiwango cha chini katika somo hili au lile. Muulize mwalimu wako leo kozi tatu unazozitamani zinadai nini, uandike, ubandike ukutani kando ya kitanda chako. Shahada inataka C+, diploma C-, cheti D. Usiione diploma kama aibu. Godoma kuna chuo cha ufundi humu humu kwetu, Kilifi mjini kuna chuo cha tiba, KMTC, na mkopo wa HELB unamfikia pia mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Fundi umeme mwenye cheti anajenga nyumba huku wenzake bado wanamtafuta mjomba wa kuwatafutia kazi.

Pale Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati yake Januari 2013. Zamani mahali pale palikuwa na taasisi ya kilimo. Wengi wenu mnapita langoni mkiwa kwenye matatu bila kugeuza shingo. Siku moja shukeni. Kwa adabu muulizeni mlinzi kama mnaweza kuingia kuona maktaba. Mtoto aliyewahi kuliona jengo kwa macho yake hasomi sawa na yule aliyesimuliwa.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia.

Majina yetu ya Kigiriama yana sauti ambazo makarani wengi hawazisikii. Binti anaitwa Kadzo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Kadzo. Kwenye sajili ya shule ya msingi mtu aliiacha ile d, na kosa likapanda naye darasa kwa darasa. Mkifika kidato cha nne majina yanapelekwa kwa baraza la mitihani, na jina litakaloingia KCSE ndilo utakalobeba maisha. Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya usajili, weka cheti cha kuzaliwa kando ya karatasi ya KCPE, usome herufi moja moja. Ukiona tofauti, mwone mwalimu mkuu sasa. Na ile nambari ya cheti cha kuzaliwa usiidharau: hiyo, au nambari yako ya mtihani wa KCPE, ndiyo huwa nenosiri la kufungulia mtandao wa KUCCPS. Nimeona vijana wenye gredi nzuri wamesimama nje ya mlango huo bila ufunguo.

Halafu wazazi. Kitambulisho cha baba na cha mama, picha yake ionekane na nambari zisomeke. Kilichopotea kitafutwe upya mapema. Aliyefariki awe na cheti cha kifo. Kifo cha nyumbani huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu, na kikipita miezi 6 kinahesabika kimechelewa na ushahidi zaidi hutakiwa. Ugumu ni huo tu, mlango haujafungwa. Wewe mwenyewe ukitimiza miaka 18, nenda ukaombe kitambulisho mwezi huo huo, na usajili laini ya simu kwa jina lako, kwa maana kuomba pesa kwa laini ya binamu ni kujitafutia kesi. Weka pia risiti zote za karo tangu kidato cha kwanza, na barua yoyote ya basari au ya mfadhili aliyewahi kukulipia. Atakayepima hali ya nyumbani kwenu hatakuja kuona paa la makuti wala safari ya silangani kuteka maji. Ataona ulichojaza na ulichoambatisha.

Nije kwenye pesa. Wazee wetu wakisikia "chuo kikuu" husikia kiasi kisichotamkika, wanakata tamaa kabla ya kuuliza. Tuulize. Mpango mpya wa ufadhili ulizinduliwa Mei 2023: gharama ya kozi inagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, mkopo, ambao unarudishwa, na mchango wa familia. Kwa mgao wa ngazi tano uliotumika 2024, familia ya ngazi ya chini kabisa ilipangiwa ufadhili asilimia 70, mkopo asilimia 25, na yenyewe itoe asilimia 5. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Ufadhili ni 140,000, mkopo 50,000, na nyumbani 10,000. Juu yake kuna mkopo wa matumizi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba, na mvutano wa rufaa ukafuata, kwa hiyo msizikariri asilimia hizi kama aya. Ulizeni upya kila mwaka. Lakini shikeni jambo hili moja: kupata nafasi KUCCPS hakukuletei pesa. Pesa huombwa peke yake, na asiyeomba huhesabiwa kwamba anaweza kujilipia.

Wazazi wanaoogopa neno mkopo, nawaelewa. Tumewaona watu wakinyang'anywa mali kwa madeni ya dukani. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, hauchukui shamba wala ng'ombe wa mtu, na kulipa huanza baada ya masomo kwisha. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kulipa ili mdogo wake naye akute kitu.

Sasa zile 10,000, pamoja na ada ya kuomba nafasi, nauli ya Eldoret au Maseno, godoro, na wiki za kwanza kabla pesa ya matumizi haijaingia. Hapo ndipo ninapowaomba muanze mbuzi wa chuo. Mtamba mmoja. Baba amtoe mbele ya watu wa nyumbani, aseme huyu ni wa masomo ya fulani, asichinjwe kwa mgeni wala kuuzwa kwa hanga. Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Kwa miaka miwili na zaidi, mvua zikituhurumia, mtamba huyo anakuwa kikundi. Na wakati wa kuuza uchaguliwe: mbuzi aliyenona baada ya mvua ana bei sokoni Bamba, aliyekonda kiangazi huuzwa kwa machozi. Kila mwaka tunauza barua ya chuo ikishafika, mnunuzi anatuona tunavyohema, anataja bei anayotaka. Asiye na mbuzi aanze kuku. Asiye na kuku, mama aingie kwenye chama na akiba hiyo ipewe jina la mtoto. Fomu za basari za NG-CDF na za kaunti zichukuliwe pia, zijazwe mapema, lakini ziwe nyongeza. Nyumba isisimame kwa nguzo ya kuazima.

Wasichana, nina neno lenu. Mwenzenu akipata mimba, sera ya serikali inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mwambieni. Mfuateni nyumbani kwao, mpelekeeni daftari. Na mzee anayepokea mahari ya mtoto wa kidato cha tatu anauza shamba kwa bei ya jembe. Nalisema nikiwa nawaheshimu wazee wangu.

Walimu, tengeni Ijumaa moja tu kwa muhula, mwiteni aliyeko Pwani au Godoma akiwa likizoni, akae na watoto awaonyeshe kwa simu yake jinsi fomu zinavyojazwa. Machifu, kwenye baraza zenu tangazeni vyeti kama mnavyotangaza chakula cha msaada.

Yule mzee wa saiba alikunja mfuko wake pole pole. Bintiye alikwishatoka nje, amesimama chini ya mwarobaini na bodaboda aliyewaleta. Mzee akanigeukia mimi, mtu asiyemjua, akauliza: "Nina mwingine nyumbani, yuko fomu ya pili. Huyo nimwanzie wapi?"

Nikaomba kalamu kwa kijana wa saiba, nikageuza karatasi moja iliyoharibika kwenye mashine, nikaandika juu kabisa: cheti cha kifo cha mama. Mzee akaniambia niandike kwa herufi kubwa, amwonyeshe mtoto jioni hiyo hiyo.