Msemo Wenu Uwe na Mwenyewe na Tarehe

Wajukuu zangu wa Kasongo na Kabambare,

Sina ugomvi na Kiingereza chenu. Andikeni «Be the change» kifuani mkitaka. Hata Kiswahili tunachosema hapa kilifika na misafara kutoka pwani, enzi za Tippu Tip. Ninalowaomba ni kwamba msemo wenu umtaje anayedaiwa, na siku ya kudaiwa.

Tazameni «Bye Bye Kabila» ya vijana wa LUCHA, harakati iliyozaliwa Goma mwaka 2012. Mkoa wetu wa Maniema ulimpa Rais Kabila kura nyingi sana mwaka 2006, lakini hata waliompenda waliuelewa msemo huo: nani anaagwa, na lini. Muhula wake wa pili ulikwisha Desemba 2016, na kifungu cha 220 cha Katiba ya Kongo kinakataza kuigusa idadi ya mihula. Vijana walifungwa, wengine wakauawa. Ilichukua miaka miwili zaidi, lakini tarehe 24 Januari 2019 aliapishwa rais mwingine.

«Be the change» je, nani ataijibu? Mkubwa atapiga picha nanyi, kisha atarudi ofisini kwake.

Madai mnayo. Kabambare ina dhahabu ya Namoya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na itie sahihi pamoja nao cahier des charges, yaani hati ya ahadi zake kwao. Tena asilimia 15 ya mrabaha ni haki ya sekta au sheferi yenye mgodi. Basi ulizeni: shule ipi, zahanati ipi, mwaka gani? Ulizeni kwa barua, na nakala yenu irudi na muhuri. Mkitaka kuandamana, kifungu cha 26 cha Katiba kinasema muiarifu serikali kwa maandishi. Hakisemi muombe ruhusa.

Wala msimwachie mwenye bunduki awasemee. Salamabila, kwenye mgodi huo wa Namoya, imeyaona hayo: silaha zilipoingia katika ugomvi wa mgodi, waliokimbia na watoto mgongoni ni mama zenu.

Barua ikiwa tayari, isomeni kwanza sokoni, kwa Kiswahili. Mama muuza mihogo atawauliza, «Na wasipojibu?» Msiitume mpaka muwe na la kumjibu.