Sebene Haina Dakika Maalumu

Umeme wa Kindu, mji wa Kongo, si wa kutegemea, na kijana mwenye gitaa la umeme hujikuta akifanya mazoezi kwenye chombo kisicho na sauti. Nyuzi zinalia chini chini kama mbu, basi anazikwaruza kwa nguvu ili angalau ajisikie. Jumamosi jenereta inawashwa kwenye harusi, mtaani Kasuku au ng'ambo ya mto Lualaba kule Alunguli, na nguvu ile ile ya vidole inapita kwenye amplifaya na kuumiza masikio ya wageni. Vidole havijakosea. Vimefanya kile kile vilichozoezwa chumbani.

Wapo watakaosema shida ni vifaa tu: apewe amplifaya, yaishe. Hayaishi. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili kwa Nikomako, anasema mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, kisha anaongeza jambo linalosahaulika upesi: kwa kupiga huko huko hupatikana wapigaji wazuri na wabaya. Kupiga kupi, basi? Peke yake au mbele za watu?

Tofauti kubwa iko kwenye wakati. Chumbani wakati hurudishwa nyuma. Kidole kikiteleza, mpigaji anaanza upya, naye ndiye mkosaji na ndiye hakimu. Ukumbini kosa ni la bendi nzima: mpiga besi keshalisikia, mpiga ngoma keshasonga mbele. Tena aliyezoea kusimama kila anapokosea amejizoeza pia kusimama, na hicho ndicho kitakachomtoka bila kutaka.

Muziki wa Kongo hauruhusu tofauti hii ifichwe, kwa sababu ya sebene, sehemu ya kucheza inayofuata beti. Beti zimekwisha, magitaa ya solo, ya mi-solo (la kati) na ya kusindikiza yanazunguka kwenye koadi chache, watu wanacheza. Upande mmoja wa santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Dansini, mpiga gitaa Franco na OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956, hawakuwa na sindano ya kuwakatisha. Urefu wa sebene huamuliwa na miguu ya watu. Kila mzunguko waweza kufanyiwa mazoezi mpaka usiku wa manane. Uamuzi wa kuendelea au kubadili hauwezi, kwa kuwa wanaousababisha hawamo chumbani.

Chukua mfano wa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, aliyepiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake "Masanga" ukavuma mbali. Mwaka 1961 na 1962 mtafiti David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa ubunifu wa Mwenda, noti kwa noti. Hapo mambo yakageuka: kilichozaliwa papo kwa papo kikawa somo la kurudiwa na wengine. Si vibaya, bila karatasi zile wanafunzi wengi wa mbali wasingejua gumba lile lilikwenda wapi. Ila anayeiga "Masanga" bila kukosa hata noti moja anarudia maamuzi ya Mwenda ya siku moja ya 1952, naye mwenyewe hajaamua lolote.

Mahali pazuri pa kujifunzia kuamua ni kanisani, na hilo halipewi heshima inayostahili. Mwimbishaji anaanzisha wimbo kwa sauti yake, haulizi ufunguo, na kwaya inamfuata. Mpiga gitaa ana mstari mmoja, pengine miwili, wa kumtafuta: anagusa uzi wa besi polepole, anapanda, anashuka, anajaribu koadi kwa sauti ndogo. Akimpata kwenye ubeti wa pili anaongeza sauti na kuingia. Asipompata anapigapiga mdundo tu kwa nyuzi zilizozibwa mpaka wimbo uishe, na Jumapili ijayo anapewa tena kiti kile kile.