Kusoma Injili kwa Mafungu

Kusoma Injili fungu baada ya fungu ni desturi njema, maana akili haiwezi kubeba kitabu kizima kwa mara moja. Lakini je, msomaji ana haki ya kukata fungu popote apendapo?

Katika Injili ya Marko, sura ya 12, mjane maskini atia senti mbili katika sanduku la hazina, na sadaka yake yahesabiwa kuwa kubwa kuliko za matajiri. Fungu hilo likisomwa peke yake, lamfundisha maskini kutoa. Walakini aya inayolitangulia yawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Zikisomwa pamoja, swali lageuka: ni nani aliyemfikisha mjane kwenye senti mbili za mwisho?

Swali hilo si geni Kiruruma, wala penginepo katika Karagwe na Kyerwa, ambako shamba la migomba ndilo riziki ya nyumba. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu la urithi iwapo marehemu aliacha ndugu wa ukoo wake. Basi huenda mjane na shemeji zake waliotwaa shamba wakaketi benchi moja, wakisikiliza habari za sadaka.

Anayeusifu ukarimu wa mjane na kuiruka aya ya kwanza hakusema neno la uongo. Uongo umo katika mkato wake. Msomaji mwaminifu aweza kusoma fungu moja kwa siku, ila huanzia pale alipoishia jana.