Minara Isiyosimama

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeinua mbingu pasi na nguzo zionekanazo, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mwanadamu akipewa nguvu na mali hutamani kuacha alama juu ya ardhi, na alama aipendayo zaidi ni jengo refu. Majengo yaliyosimama husifiwa na kila apitaye. Lakini yale yaliyokusudiwa yasisimame nayo yana mafunzo, na huenda mafunzo yake yakawa makubwa zaidi. Kwani lililosimama humwonyesha mtu nguvu za mjenzi, na lisilosimama humwonyesha mpaka wa nguvu hizo.

Kurani imetaja khabari ya mnara wa namna hii. Katika Suratil-Qasas na Suratil-Ghafir imesimuliwa ya kuwa Firauni alimwamrisha waziri wake Hamana achome udongo uwe matofali, amjengee mnara mrefu apate kupanda na kumchungulia Mungu wa Nabii Musa (A.S.). Amri imetajwa, na sababu yake imetajwa; kukamilika kwa mnara hakukutajwa. Kwa hivyo wafasiri wamekhitilafiana: wako waliosema ulijengwa ukavunjika, na wako waliosema haukujengwa kabisa, bali lilikuwa neno la kuwaghuri watu wake. Imamu Fakhruddin Razi ameitaja khilafu hiyo katika tafsiri yake. Lililo yakini ni mwisho wake: vitimbi vya Firauni havikuishia ila katika khasara.

Mfano wa jambo hili umeonekana katika mji wa Moscow, mji mkuu wa Urusi. Palikuwapo kando ya mto kanisa kubwa, ambalo Warusi walilijenga kumshukuru Mungu kwa kuokoka na majeshi ya Napoleon katika mwaka wa 1812. Kazi yake ilianza mwaka wa 1839, likafunguliwa mwaka wa 1883. Ikaja serikali ya Kisovieti, iliyokuwa ikikanusha kuwapo kwa Mungu na kufunga makanisa na misikiti, ikaona mahali pale ndipo panapofaa kwa jumba lake. Tarehe 5 Desemba 1931 kanisa likavunjwa kwa baruti. Kazi ya miaka zaidi ya 40 ikawa kifusi kwa siku moja.

Jengo lililokusudiwa liliitwa Jumba la Masovieti. Ramani iliyokubaliwa ilikuwa ya Boris Iofan pamoja na wenziwe wawili, Shchuko na Gelfreikh. Urefu wake ulikadiriwa mita 415, lipate kulipita lile la New York la mita 381, ambalo wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ulimwenguni. Kileleni ilikuwa isimamishwe sanamu ya Lenin, nayo peke yake karibu mita 100, na ndani uwemo ukumbi wa kukalisha watu zaidi ya 20,000. Hata kituo cha reli ya chini ya ardhi kilichofunguliwa hapo mwaka wa 1935 kilipewa jina la jumba hilo. Watu wakawa wakishuka katika kituo cha jumba lisilokuwapo, na jina hilo halikubadilishwa mpaka mwaka wa 1957.

Msingi ulichimbwa na saruji ikamwagwa, na chuma kikaanza kuinuka. Mwaka wa 1941 Wajerumani wakaingia Urusi kwa vita. Chuma kile kikang'olewa, kikatumiwa kwa vizuizi vya vifaru na kwa madaraja ya reli. Vita vilipokwisha ramani zilichorwa tena na tena, wala jumba halikuinuka. Mwisho wake shimo likageuzwa birika la kuogelea, la mviringo, upana wake mita 130 hivi, likafunguliwa mwaka wa 1960. Mwaka wa 1991 dola ya Kisovieti yenyewe ikavunjika. Birika likafungwa, na kati ya mwaka wa 1995 na mwaka wa 2000 Warusi wakajenga kanisa jingine kwa sura ya lile la kwanza, mahali pale pale.

Muislamu asiisome khabari hii kama jambo lisilomhusu kwa kuwa nyumba iliyovunjwa ilikuwa ya watu wa dini nyingine. Katika Suratil-Hajj Mwenyezi Mungu amebainisha ya kuwa lau asingaliwazuia watu, hawa kwa hawa, zingalivunjwa nyumba za watawa na makanisa na masinagogi, pamoja na misikiti. Zimetajwa zote kwa pamoja, kwani mkono uliozoea kuvunja moja hauiachi nyingine.

Wala jumba hilo halikuwa peke yake. Mwaka wa 1947, Moscow ilipotimiza miaka 800, iliwekwa misingi ya majengo marefu manane. Saba yalikamilika, na yako mpaka leo. La nane, katika mtaa wa kale wa Zaryadye karibu na ngome ya Kremlin, lilikuwa liwe na urefu wa mita 275. Stalin, aliyekuwa ndiye mwenye amri, akafa Machi 1953, na walioshika nafasi yake wakayaona mapambo ya majengo kama hayo kuwa ni israfu. Jengo la nane likaachwa. Juu ya msingi wake ikajengwa hoteli, iliyofunguliwa mwaka wa 1967. Nayo ikafungwa mwaka wa 2006, ikavunjwa, na tangu mwaka wa 2017 mahali hapo ni bustani ya watu kupunga upepo.

Na Urusi ilipoiacha njia ile ikashika njia ya biashara, tamaa ya mnara haikuondoka. Septemba 2007 ulianzishwa Mnara wa Urusi, wa ghorofa 118 na urefu wa mita 612, kwa ramani ya Mwingereza Norman Foster. Mwaka wa 2008 tabu ya fedha ikaenea ulimwenguni, mikopo ikawa adimu, na mwaka wa 2009 shauri lote likafutwa. Hivyo mnara wa kwanza ulizuiwa na vita, wa pili na mauti, na wa tatu na fedha. Katika milango hiyo mitatu, ni upi ambao mwanadamu ameshika ufunguo wake?

Huenda muulizaji akasema: Je, kujenga ghorofa ndefu ni haramu? Jawabu: Sivyo. Asili ya kujenga ni halali, na mwenye haja ya makazi katika mji wenye ardhi haba hana lawama akipandisha juu. Ama ile hadithi mashuhuri ya Jibrili (A.S.), ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) ametaja katika alama za Kiyama ya kuwa wachunga mbuzi mafakiri watashindana kwa majengo marefu, Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe ya Sahihi Muslim ya kuwa si kila kilichotajwa kuwa ni alama ya Kiyama huwa haramu au chenye kulaumiwa.

Linalolaumiwa ni mambo matatu. La kwanza ni fakhari, na hilo ndilo Nabii Hud (A.S.) aliwakemea kwalo kaumu ya Adi, waliokuwa wakijenga alama juu ya kila kilima kwa upuuzi, kama watakaoishi milele. La pili ni dhuluma. Na imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. La tatu ni kuahidi ya kesho bila ya kuyategemeza kwa mapenzi ya Mungu, jambo ambalo Mtume mwenyewe amefundishwa kulihadhari katika Suratil-Kahf.

Na msomaji asidhani ya kuwa mambo haya ni ya wafalme na miji mikubwa tu. Mara ngapi jamaa wa mtaa huvunja msikiti mkongwe, wenye kuta nene na safu tatu za wenye kuswali, kwa kuwa wameonyeshwa picha ya msikiti wa ghorofa na kuba! Fedha zikaisha katika msingi, wazee wakatawanyika, wengine wakaacha jamaa kwa umbali wa njia, na majani yakaota mahali pa mihrabu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i msikiti ukianguka, ardhi yake hubaki msikiti, haiuzwi kwa hali yoyote. Basi mwenye kuuvunja bila ya yakini ya kuujenga huwaachia walio nyuma yake amana wasiyoweza kuiuza wala kuitumia. Yafaa fedha zihesabiwe mkononi kabla ya nyundo kupigwa, na mahali pa kuswalia pawe tayari, na ramani ikatwe kwa kadiri ya mfuko.

Kadhalika mtu hurithi nyumba ya udongo pamoja na dada zake, akawatoa kwa ahadi ya kuwa atawajengea nyumba ya ghorofa na kila mmoja atapata chumba chake. Nyumba ya udongo ikavunjwa, ya ghorofa isiinuke, na wale wanawake wakazeeka katika nyumba za kupanga. Huyo hana tafauti na waliovunja kanisa la Moscow ila kwa kimo cha ramani. Fungu la dada ni haki iliyofaradhiwa na Mwenyezi Mungu. Halilipwi kwa picha. Awalipe thamani ya mafungu yao, au awarudishie mahali pao, kabla hajainua hata tofali moja la kwake.

Katika Suratit-Tawba Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa watu wawili: aliyeweka msingi wake juu ya ucha Mungu, na aliyeuweka ukingoni mwa genge linalomomonyoka. Jengo huanza nia kabla ya kuanza mawe. Mwenye nia safi akizuiwa na ajali asiifikie kenchi, ujira wake hauanguki. Na mwenye fakhari na dhuluma, hata akiifikisha kileleni, amejenga ukingoni.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kujenga kwa kadiri, kutimiza waliyoahidi, na kurudisha haki kwa wenyewe kabla ya siku ambayo ardhi itatoa khabari zake. Amin.

Wallahu aalam.